Warsha isiyo na meza kuu

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliaga kama mtu anayekwenda dukani kununua kiberiti, kumbe wiki sita zimekatika. Sikuwa naumwa wala sijafukuzwa kazi. Nilikuwa napanga warsha.

Wanaonifahamu wameshaanza kucheka. Ngoja nieleze wanachochekea. Mimi ni mwandishi wa gazeti, na mwandishi kijana wa gazeti hapa Dar es Salaam analelewa na warsha. Hazipiti siku tatu hujatumwa kwenye moja. Nazijua kama ninavyoijua njia ya kwenda nyumbani. Ukumbi wa hoteli, kiyoyozi cha kugandisha vidole, bango lenye nembo nane. Meza kuu imefunikwa kitambaa cheupe, ua la plastiki katikati. Kadi ya mwaliko inasema saa mbili kamili, mgeni rasmi anafika saa nne na nusu. "Itifaki imezingatiwa." Hotuba. Picha ya pamoja. Chai na sambusa. Halafu mtaalamu anawasha projekta na kutusomea yaliyoandikwa ukutani, neno kwa neno, kana kwamba tuliokaa pale hatujui kusoma. Sisi waandishi tunaondoka baada ya chai, tukiwa tumesaini karatasi mbili: ya mahudhurio na ya bahasha. Jioni naandika, "Wadau wametakiwa kushirikiana..." Sentensi hiyo nimeiandika mara nyingi mno.

Wametakiwa na nani? Washirikiane na nani? Sikuwahi kuuliza.

Basi mapema mwaka huu washikaji wangu wanne wakaja na wazo. Mmoja ni mtangazaji wa redio ya jamii, mmoja fundi simu wa Kariakoo, mmoja alisoma kompyuta Mlimani miaka ileile niliyokuwa pale, na wa nne ni mwalimu wa sekondari. Walitaka kuwakutanisha kwa siku mbili watu wanaojitengenezea habari na mawasiliano yao wenyewe huko chini, bila kungoja gazeti wala wizara. Wavuvi wanaopeana hali ya bahari kwa simu. Kina mama wa mwani. Vijana wanaorekodi video za mitaa yao. Mafundi. Watu wa redio ndogo. Jumla watu 40, Bagamoyo, kilomita kama 70 kutoka Dar. Kulikuwa na hela kidogo ya mfadhili mmoja. Kazi yangu ikawa kupanga warsha zenyewe: nani anafanya nini, saa ngapi, kwa njia gani.

"Wewe si umehudhuria warsha nyingi kuliko sisi wote," wakaniambia. Nikavimba kichwa.

Nikakesha usiku mmoja, nikatoka na ratiba safi. Mada 11 kwa siku mbili. Ya kwanza niliipa jina "Usalama wa Kidijitali kwa Wanaharakati wa Ngazi ya Jamii: Dhana, Changamoto na Fursa." Saa moja na nusu, zikiwemo dakika 10 za maswali. Neno "shirikishi" lilitokea mara saba katika ukurasa wa kwanza. Nililihesabu baadaye, wakati wa aibu.

Fundi aliisoma yote, kisha akauliza, "Kaka, mimi hapa nashiriki wapi?"

Nikamwonyesha zile dakika 10.

BAHARI HAIJUI JUMAMOSI

Wikiendi iliyofuata tukapanda gari la Bagamoyo pale Makumbusho, tukawatembelee tuliokusudia kuwaalika. Tulimkuta mama mmoja wa makamo, kiongozi wa kikundi cha wakulima wa mwani, amekaa kivulini anafunga vipande vya mwani kwenye kamba. Shikamoo mama. Marahaba wanangu, karibuni. Nikamweleza habari za mkutano kwa kile Kiswahili cha ukumbini. Alisikiliza bila kusimamisha mikono. Nilipomaliza akauliza ni lini. Nikamtajia tarehe.

Hakutafuta kalenda. Alinyamaza kidogo kama mtu anayepiga hesabu, akasema, "Mwanangu, hapo si mwezi utakuwa umeandama? Hayo ni maji ya bamvua. Sisi wote tutakuwa baharini."

Kwa ambao ni watu wa bara kama mimi: mwani hulimwa pale bahari inaporudi nyuma. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na hupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Kwenye pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia mnamo saa nne asubuhi, na hapo kina mama hupata saa chache za kutembea hadi kwenye vigingi vyao, kupanda, kukagua na kuvuna. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo bahari haitoki vya kutosha. Kwa hiyo mimi, mwenye shahada yangu, nilikuwa nimechagua kwa makini siku ambazo wanawake hawa hawawezi kabisa kuja. Na saa nne ndiyo niliyoiweka kwa ajili ya ufunguzi.

"Lakini itakuwa Jumamosi, mama," nikajitetea.

Akacheka mpaka kamba ikamdondoka. "Bahari haijui Jumamosi."

Fikirini ambavyo ingekuwa. Wangekuja wanaume tupu. Mwisho tungeandika kwenye ripoti kwamba "mwitikio wa wanawake haukuwa wa kuridhisha." Sentensi hiyo nimeisoma katika ripoti chungu nzima, na nimeinukuu gazetini nikiamini ni habari kuhusu wanawake. Huenda nyingine zilikuwa habari kuhusu kalenda.

Tukaendelea na safari hadi kwa mama mmoja muuza samaki wa kukaanga karibu na bandari ya mashua. Yeye hakujali mwezi. Aliuliza kama kuna posho. Mtangazaji wetu akaanza kumweleza kwamba huu ni mkutano wa wananchi wenyewe, wa kujitolea, wa kushirikishana. Mama akageuza samaki upande wa pili, akasema, "Siku mbili sijauza. Wanangu watakula kushirikishwa?"

Hatukuwa na jibu. Njia nzima ya kurudi tulibishana. Ni kweli posho imeharibu mambo mengi katika nchi hii. Kuna watu wanaishi kwa kuhama ukumbi mmoja hadi mwingine. Ila mtazame nani huambiwa ajitolee. Mtaalamu analipwa. Dereva analipwa. Mwandishi anapewa bahasha. Anayebaki kuhubiriwa uzalendo ni muuza samaki, ambaye ndiye pekee asiye na mshahara unaoingia hata asipofanya kazi siku hiyo.

KUMBE BIBI ANAJUA

Niliporudi Dar nikaanza kusoma, kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla. Nilikuwa nadhani mbinu shirikishi ni kitu tulicholetewa na miradi, pamoja na makapeni na kadi za rangi. Sivyo.

Bagamoyo hiyohiyo, upande wa magharibi wa wilaya, kuanzia 1975 kulikuwa na mradi wa utafiti ulioitwa Jipemoyo, wa watafiti wa Tanzania na Finland. Mmoja wao ni Marja-Liisa Swantz, aliyewahi kufanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msimamo wao ulikuwa kwamba mwanakijiji ni mtafiti mwenza: anauliza, anachambua, na matokeo ni yake pia. Nimesoma Mlimani miaka mitatu na sikuwahi kulisikia jina hilo hadi nilipokuwa naitafutia dawa aibu yangu.

Nikampigia simu bibi yangu, Singida, kumuuliza kama anaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973. Anaikumbuka! Ilikuwa elimu ya afya kwa redio, wiki 12, na inakadiriwa watu milioni 2 walishiriki katika vikundi vya kusikiliza. Bibi anasema kwao redio ilikuwa moja, ya balozi. Walikaa chini ya mti, wakasikiliza, halafu kiongozi wa kikundi akawasomea kitabu, halafu wakabishana. "Redio ikizimwa ndipo mkutano unaanza," akaniambia. Wakakubaliana wafanye nini, wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Bibi aliishia darasa la nne. Katika dakika tano za simu, na vocha yangu, alinieleza kanuni ambayo ratiba yangu yote ya mada 11 haikuwa nayo.

Mifano haikuishia miaka hiyo. Katika miaka ya 1990 kule Mtwara na Lindi, wavuvi walioumizwa na uvuvi wa baruti walitumia video kueleza yanayowakuta, kanda zikaonyeshwa vijiji vingine na mbele ya viongozi. Wenzetu wa TGNP pale Mabibo wana neno lao zuri, uraghbishi. Mraghbishi hahubiri. Anachokoza mjadala, kisha anawaachia wenyewe.

Basi tukaichana ratiba. Nasema tukaichana kwa maana yenyewe ya kuchana. Fundi aliitumia kufungia karanga. Tukaanza upya kwa maamuzi machache ambayo nayaandika hapa kwa sababu huenda yakamfaa mtu.

Moja, tarehe ipangwe na maji mafu, na saa ipangwe na wauza samaki. Tukapata siku mbili, lakini kuanzia saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku.

Mbili, hakuna meza kuu, hakuna mgeni rasmi, hakuna projekta. Darasa la shule ya msingi, madawati yasukumwe ukutani, watu wakae duara juu ya mikeka.

Tatu, kila kipindi kianze na kitu cha kushika. Fundi asiseme neno kuhusu simu kabla kila kikundi hakijafungua kitochi kibovu kwa bisibisi. Watu wa video wapewe simu moja kwa watu watano, warekodi dakika mbili, wazitazame papohapo. Tulikataa programu ya kuhariri, kwa sababu tulijua wenye simu janja nzuri wangewageuza wengine watazamaji.

Nne, nusu ya muda iachwe wazi, washiriki waijaze siku ileile. Hapa ndipo nilipopata taabu. Kuachia kisanduku tupu kwenye ratiba kuliniuma kama kupeleka ukurasa mtamboni bila habari.

Tano, kila mshiriki alipwe kiasi kilekile cha kufidia siku, na sisi waandaaji tusilipwe. Hiyo ya tano ndiyo iliyotuingiza kwenye mgogoro.

KARATASI YA MAHUDHURIO

Mfadhili alikubali kulipa nauli na fidia kwa sharti la kawaida kabisa: karatasi ya mahudhurio. Jina kamili, namba ya simu, anakotoka, saini. Na picha chache za washiriki kwa ajili ya ripoti. Nawaelewa. Nao wana wakaguzi wao.

Wenzangu hawakuona tatizo. Ni mimi niliyekataa, na walishangaa, kwa sababu maishani mwangu nimesaini karatasi hizo mamia. Wakaniuliza kwa nini. Ikabidi niwaeleze jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu.

Miaka mitatu iliyopita nilitumwa kwenye warsha ya wanawake wafanyabiashara ndogondogo. Ilikuwa ileile ya bango na kiyoyozi. Baada ya chai akasimama mama lishe mmoja, akaeleza jinsi watu fulani wanavyopita sokoni kwake kukusanya hela bila risiti, na yanayompata anayekataa. Aliongea vizuri. Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Mimi nikaandika haraka, jina lake nikalichukua kwenye karatasi ya mahudhurio, picha nikampiga akiwa amenyoosha kidole. Sikumuuliza. Kwangu mimi, mtu aliyesimama mbele ya watu 60 alikuwa ameshakubali. Habari ikatoka ukurasa wa tatu, jina, picha na mahali anapouzia. Mhariri akanipongeza mbele ya wenzangu.

Mwezi mmoja baadaye nilipita soko hilo kwa shughuli nyingine. Mahali pake palikuwa na mtu mwingine anayeuza viatu. Nikauliza. Mama wa jirani alinitazama muda mrefu, akasema, "Si ninyi mliomwandika?" Hakusema zaidi. Nimerudi mara mbili kumtafuta. Wengine wanasema alikwenda kwao Lushoto, wengine wanasema yuko Mbagala. Sijampata.

Pale ukumbini alikuwa akiwaambia wanawake wenzake. Mimi ndiye niliyempeleka mbele ya nchi nzima, na karatasi ya mahudhurio ndiyo iliyonirahisishia kazi.

Usiku ule tulikaa hadi saa saba. Mwanakompyuta wetu akaongeza yake: kwamba tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ambazo ziliwataka hata waandishi wa kujitegemea mtandaoni kulipia leseni, gharama zake zikizidi shilingi milioni 2, watu wengi wa aina tunayowaalika wamejifunza kuongea kwa tahadhari, na kanuni kubadilishwa baadaye hakukuwatoa hofu. Namba ya simu nayo si tarakimu tu siku hizi. Laini zetu zimefungwa kwenye alama za vidole. Januari 2020 wasiosajili hivyo walianza kuzimiwa. Orodha ya majina 40 na namba 40 za watu waliokutana kuzungumzia habari na simu ni kitu kizito kukiacha kwenye droo ya ofisi usiyoijua.

Tukamwandikia mfadhili: tutatoa idadi ya watu kwa kila kikundi, risiti za chakula na za mikeka, majina hapana. Akajibu kwa heshima kwamba atalipa chakula na vifaa, nauli na fidia haviwezekani. Basi. Tukachangishana. Mwalimu alitoa hela ya mchezo wake wa mwezi. Hata hivyo haikutosha, na badala ya 40 wakaja 27. Waliokosa ni wa mbali: wa Kilwa, wa Pangani. Kijana mmoja wa redio kutoka Kilwa alinipigia akasema, "Kaka, usalama wangu mmeulinda, ila mimi nimebaki nyumbani." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na sijui kama tulipima sawasawa.

KAMBA

Siku yenyewe sitaieleza yote. Nitaeleza vipindi viwili.

Cha kwanza kilikuwa cha safari ya ujumbe. Badala ya ile "Dhana, Changamoto na Fursa," tulichukua kamba ndefu. Mtu mmoja ni simu ya kwanza, mwingine mnara, mwingine kampuni ya simu, mwingine simu ya mwisho. Ujumbe umeandikwa kwenye kadi, unapita mkono hadi mkono, na kila anayeushika anausoma kwa sauti. Watu walicheka sana, kwa sababu mvuvi mmoja alikuwa ameandika salamu za mapenzi. Mara ya pili tukautia kadi ndani ya bahasha na kuifunga. Hapo hakuna njiani aliyeweza kusoma. Tukaeleza kwamba ndivyo WhatsApp inavyofunga ujumbe tangu 2016, wakati ujumbe mfupi wa kawaida unakwenda wazi kama ile kadi ya kwanza.

Fundi, aliyekuwa anaigiza kampuni, akainua mkono: "Sijasoma ndani. Lakini najua nani kamwandikia nani, na saa ngapi." Kimya. Muuza samaki akamalizia mwenyewe: "Na mtu akinyang'anya simu yangu ikiwa wazi, bahasha si nimeshaifungua?" Mambo hayo mawili nilikuwa nimeyatengea dakika 40 za mihadhara.

Halafu yule mama wa mwani akainuka, akaishika kamba yetu, akaitikisa. "Hii mmeifunga vibaya. Mistari yote mmeileta kwenye kigingi kimoja. Baharini kigingi kimoja kikingoka, shamba zima linaelea."

Nani alimfundisha? Kijana mmoja akasema ndivyo ilivyokuwa Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa. Kila mmoja akawa na la kueleza: aliyeshindwa kujua ndugu yake yuko wapi, aliyeshindwa kupokea oda. Kile kisanduku nilichoogopa kukiacha tupu kikajaa chenyewe. Waliuliza: kigingi kikingoka, kinabaki nini? Wakaorodhesha redio, kadi ya kumbukumbu inayobebwa na bodaboda, kurushiana faili kwa Bluetooth, mbiu ya msikiti na kengele ya kanisa. Mwanakompyuta akawaeleza kuhusu Zenzeleni, ushirika wa wanakijiji wa Mankosi, Afrika Kusini, waliojijengea mtandao wao wenyewe na kuanza kwa kuchaji simu za watu kwa nguvu ya jua. Hawakutaka hadithi. Walitaka kujua mlingoti una urefu gani na betri inakaa muda gani. Akakiri kwamba hajui, akatumwa akaulize.

Kipindi cha pili kilikuwa changu: jinsi ya kuandika habari. Sikuwa nimefika hata sentensi ya tatu. Mama wa mwani akauliza, "Wewe ni wa gazeti. Nikikwambia la kwangu hapa, utaliandika?"

Ningeweza kujibu hapana na kuendelea. Nikawaeleza habari ya yule mama lishe, yote, na ukurasa wa tatu, na pongezi za mhariri. Hakuna aliyenifariji. Muuza samaki alisema "Mh," basi. Halafu wakaanza kujadiliana wao kwa wao kama vile mimi sipo, na mama akaniomba makapeni. Ukutani yakabaki mambo matatu, kwa mwandiko wake:

Picha aione kwanza mwenye sura.

Jina liulizwe mara mbili, leo na kesho, kwa sababu mtu akishalala huwaza tofauti.

Habari ikitoka, mwandishi arudi.

Nimepita chuo, nimefanya mitihani ya maadili ya uandishi, nimepata B. La kwanza na la pili mtu anaweza kuyakuta kwenye vitabu kwa maneno mengine. La tatu sikumbuki kuliona popote. Sisi hatunaga kurudi. Kesho kuna warsha nyingine.

NILIKOFIKIA

Tangu hapo nimejaribu kuyafuata kazini. Si rahisi kama inavyosikika kwenye mkeka. Mwezi uliopita nilipata habari nzuri kwa dada mmoja mfanyakazi wa ndani. Usiku alikubali jina litoke. Asubuhi nikampigia tena, akasema hapana, kaka, naomba tuache. Nikaacha. Siku mbili baadaye gazeti jingine likaitoa, na mhariri wangu akaniuliza kama nimeajiriwa kuandika au kubembeleza. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Sikujuta pia.

Mkutano mwingine tumeshaanza kuupanga. Safari hii hatujaandika ratiba kabla ya kwenda. Mama wa mwani na muuza samaki wako kwenye kamati, na wao ndio waliosema tupeleke mkutano Kilwa badala ya kumngoja yule kijana aje kwetu. Tarehe imeshatolewa, ni ya maji mafu. Mimi nimepewa mikeka na maji ya kunywa, na nimeambiwa nisivimbe kichwa.

Na Jumapili hii naenda Mbagala. Kuna mtu kaniambia amemwona mama lishe anayefanana na yule, karibu na stendi. Huenda siye. Naenda bila daftari.

Haya, nimeandika marefu, na kesho nina zamu ya mahakamani asubuhi na mapema. Tuko pamoja.